Sauti ya mzunguko ndani ya hedifoni: Inavyotengenezwa na mipaka yake

Mnamo Septemba mosi 2023, baa, mikahawa na kumbi za burudani nchini Rwanda zilianza kutakiwa kufunga milango saa saba usiku siku za kazi, na saa nane usiku siku za Ijumaa na Jumamosi. Agizo hilo lilitolewa wakati kelele za usiku zikiwa mjadala mkubwa mjini Kigali. Majumbani nako suala ni hilo hilo. Katika mitaa kama Nyamirambo na Biryogo, ambako nyumba hupakana ukuta kwa ukuta na wapangaji kadhaa hutumia ua mmoja, spika tano zikiwashwa sebuleni usiku jirani hatakosa kubisha hodi.

Njia inayobaki kwa anayetaka kusikia filamu au muziki kwa ukamilifu wake ni hedifoni, au ekuteri kama wengi wanavyoziita mjini humo. Lakini hedifoni ina spika mbili tu ndogo, moja kwa kila sikio. Inawezekanaje basi msikilizaji asikie helikopta ikipita nyuma ya kisogo chake, au ngoma ikilia hatua tatu mbele yake?

Jibu limo katika programu za kuchezea muziki na filamu, nyingi zikiwa za bure, ambazo hufanya hesabu za kuiga yale ambayo sauti hufanyiwa na kichwa na masikio kabla haijafika kwenye ubongo. Mbinu hiyo ni ya kweli na ina msingi wa kisayansi. Hata hivyo haimfai kila mtu kwa kiwango kimoja, na si kila kinachouzwa kwa jina hilo kinalistahili.

Masikio mawili, pande zote

Chukua mfano wa mtu aliyesimama ndani ya nusu duara la wapiga ngoma wa Kinyarwanda. Kundi la kawaida huwa na ngoma saba au tisa. Ishakwe, iliyo ndogo na yenye sauti nyembamba, ndiyo huongoza mdundo. Inyahura hufuata, na igihumurizo huvuma kwa sauti nzito. Mtu huyo akifumba macho, bado ataweza kunyoosha kidole kuelekea ishakwe ilipo bila kukosea sana. Masikio yake ni mawili, lakini anatambua mbele, nyuma, kulia, kushoto, na hata juu.

Ubongo hutegemea dalili tatu. Ya kwanza ni muda. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo ikitoka upande wa kulia hufika kwenye sikio la kulia kwanza, kisha huzunguka kichwa na kufika la kushoto. Tofauti hiyo, hata inapokuwa kubwa kabisa, ni takriban 0.7 ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ni muda mfupi mno kwa mtu kuuhisi kama kuchelewa, lakini ubongo huupima.

Dalili ya pili ni nguvu ya sauti. Kichwa hukinga sauti nyembamba kama ukuta unavyokinga upepo, hivyo sikio la upande wa pili huisikia ikiwa imefifia. Sauti nzito hukipita kichwa bila kuzuiwa sana. Mwanafizikia wa Uingereza, Lord Rayleigh, alieleza mwaka 1907 kwamba binadamu hutegemea zaidi tofauti ya muda kwa sauti nzito na tofauti ya nguvu kwa sauti nyembamba. Mpaka kati ya hizo mbili unakaribia mitetemo 1,500 kwa sekunde. Mvumo mzito sana, ulio chini ya mitetemo 80 kwa sekunde, ni vigumu kujua unatoka wapi ndani ya chumba. Ndiyo sababu spika ya besi ya sinema ya nyumbani inaweza kuwekwa karibu kona yoyote.

Dalili ya tatu ndiyo ngumu zaidi kuigwa. Sauti iliyo mbele kabisa na iliyo nyuma kabisa hufika katika masikio yote mawili kwa wakati mmoja na kwa nguvu sawa. Kinachozitofautisha ni mikunjo ya sikio la nje, ambayo hukuza baadhi ya sauti nyembamba na kupunguza nyingine kulingana na pembe inakotoka sauti. Kila mtu hujifunza alama za mikunjo yake mwenyewe tangu utotoni. Zinapokuwa na utata, mtu hugeuza kichwa kidogo, mara nyingi bila kujua, na utata huo huondoka.

Kwa nini muziki hukaa katikati ya kichwa

Muziki mwingi hurekodiwa kwa stereo, yaani mikondo miwili ya sauti iliyokusudiwa spika mbili zilizo mbele ya msikilizaji. Katika hali hiyo kila sikio husikia spika zote mbili, ile ya upande wa pili ikichelewa kidogo. Hedifoni huvunja mpango huo, kwa kuwa sikio la kulia husikia mkondo wa kulia peke yake na la kushoto mkondo wa kushoto peke yake. Sauti haijapita kwenye kichwa wala kwenye mikunjo ya sikio, hivyo ubongo hukosa dalili zake na mwimbaji huonekana kana kwamba amekaa katikati ya fuvu. Katika baadhi ya rekodi za miaka ya 1960, ambazo ziliweka ala zote upande mmoja na sauti ya mwimbaji upande mwingine, usikilizaji wa hedifoni huchosha haraka.

Wazo la kumpa msikilizaji masikio mawili ni la zamani kuliko redio yenyewe. Katika maonyesho ya umeme ya Paris mwaka 1881, mvumbuzi Clément Ader aliwawezesha wageni kusikiliza opera kwa njia ya simu, wakiwa na vipokea sauti viwili, kimoja kwa kila sikio. Mhandisi wa Uingereza Alan Blumlein aliomba hataza ya mfumo wake wa sauti ya njia mbili mwezi Desemba 1931. Wakazi wa Kigali wa umri mkubwa walizoea kitu tofauti kabisa. Kituo cha kurushia matangazo cha Deutsche Welle kilichokuwa kwenye kilima cha Kinyinya, kilichofanya kazi kuanzia miaka ya 1960 hadi kilipofungwa mwezi Machi 2015, kilituma masafa mafupi kwa mkondo mmoja tu wa sauti, na hapakuwa na kulia wala kushoto.

Suluhisho jepesi la kwanza kwa muziki wa stereo lilielezwa na Benjamin Bauer mwaka 1961. Sehemu ndogo ya mkondo wa kulia hupelekwa pia kwenye sikio la kushoto, ikiwa imecheleweshwa kidogo na kupunguzwa sauti nyembamba, na kinyume chake. Hii si sauti ya mzunguko. Huondoa tu ule uchovu na kuusogeza muziki mbele kidogo. Programu ya bure iitwayo bs2b, ambayo huunganishwa na foobar2000 na programu nyinginezo, hufanya kazi hiyo, na kwa mtu asikilizaye muziki pekee huenda ndiyo yote anayohitaji.

Programu hufanya nini

Sauti ya mzunguko ya kawaida, inayoandikwa 5.1, ina mikondo sita: mbele katikati ambako maneno mengi ya filamu hutokea, mbele kulia, mbele kushoto, pande mbili za nyuma, na mkondo wa besi. Spika za mbele huwekwa nyuzi 30 kutoka katikati na za nyuma takriban nyuzi 110. Ili kuiga mpangilio huo ndani ya hedifoni, programu huhitaji kujua sauti inayotoka kila pembe hubadilika vipi kabla ya kufika katika kila sikio.

Taarifa hizo hupimwa maabara. Mwaka 1994 Bill Gardner na Keith Martin wa taasisi ya MIT nchini Marekani waliweka maikrofoni ndani ya masikio ya sanamu ya kichwa na kiwiliwili iitwayo KEMAR, wakapiga sauti za majaribio kutoka sehemu 710 zilizoizunguka, kwa umbali wa mita 1.4, kisha wakaviachia vipimo hivyo vitumiwe bila malipo. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha California tawi la Davis kilitoa vipimo vya watu 43 pamoja na sanamu hiyo hiyo. Programu nyingi za leo zinatumia vipimo vya aina hii.

Kazi inayobaki ni hesabu. Kila mkondo hupitishwa kwenye vichujio viwili, kimoja kikiiga njia ya kwenda sikio la kulia na kingine njia ya kwenda sikio la kushoto. Mikondo sita huhitaji vichujio 12. Matokeo yote ya sikio la kulia hujumlishwa kuwa mkondo mmoja, na ya sikio la kushoto vivyo hivyo. Kinachofika kwenye hedifoni ni mikondo miwili ya kawaida, na kwa hiyo hedifoni yoyote inayovaliwa sawasawa inafaa, hata isiyo na waya. Muhimu ni kuzingatia herufi L na R. Zikivaliwa kinyume, helikopta itapita upande usio wake.

Pa kuanzia

Watu wengi tayari wana VLC, programu ya bure iliyoanzia kwa wanafunzi wa École Centrale Paris mwaka 1996. Katika mipangilio yake ya sauti kuna kisanduku cha athari ya mzunguko kwa hedifoni. Lebo zake mara nyingi huonekana kwa Kiingereza au Kifaransa, ingawa Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda tangu 2017. Anayetumia Kifaransa atafute neno casque, na asishangae: ni neno lile lile ambalo abiria wa pikipiki mjini Kigali hulitumia kwa kofia ya usalama.

VLC ina pia sehemu ya kuongeza ukubwa wa chumba, na wengi huiwasha wakidhani ndiyo sauti ya mzunguko. Sehemu hiyo huongeza mwangwi tu. Wimbo utasikika kana kwamba unapigwa ukumbini, lakini hakuna kitakachotokea nyuma ya msikilizaji.

Kwa wenye kompyuta za Windows, foobar2000 huruhusu kuongezwa kichujio kinachosoma vipimo vya maabara moja kwa moja. Kwa miaka mingi wapenzi wa programu hiyo waliiunganisha na Dolby Headphone, teknolojia iliyobuniwa na kampuni ya Lake ya Australia. Njia pana zaidi ni Equalizer APO pamoja na HeSuVi, zote za bure, ambazo hubadilisha sauti ya kompyuta nzima badala ya programu moja, na humruhusu mtumiaji kulinganisha vipimo vya aina nyingi hadi apate vinavyomfaa. Windows yenyewe ina Windows Sonic tangu 2017, nayo haigharimu kitu.

Kosa linaloharibu kazi mara nyingi kuliko mengine yote ni kuwasha mifumo miwili kwa pamoja. Mtu huwasha kisanduku cha VLC, Windows Sonic nayo ikiwa imewashwa, na hedifoni ikiwa na kitufe chake cha 7.1. Sauti hupita vichwa vitatu vya kuigwa, na matokeo yake huwa kama kusikiliza ndani ya pipa. Uwashwe mmoja, mingine izimwe.

Pili, mikondo sita inapojumlishwa kuwa miwili, nguvu yake inaweza kuvuka kiwango ambacho kompyuta inaweza kukibeba, na hapo milipuko ya filamu huanza kukwaruza. Kushusha kiwango cha kuingilia kwa desibeli sita ni hatua nzuri ya kuanzia. Ni muhimu pia unapolinganisha: sauti kubwa zaidi karibu kila mara huonekana bora zaidi, hivyo anayewasha na kuzima athari hii ahakikishe kwanza kwamba viwango viko sawa. Bila hivyo atakuwa anapima ukubwa wa sauti tu.

Kisichowezekana

Programu haiwezi kurudisha kisichorekodiwa. Faili la muziki lenye mikondo miwili halina taarifa za nyuma. Zipo programu zinazokisia, kwa kuchukua sauti zinazofanana pande zote mbili na kuziweka katikati, na zinazotofautiana kuzipeleka nyuma. Wakati mwingine hupendeza, wakati mwingine hutawanya wimbo ambao mtayarishaji aliupanga kwa makini. Muziki uliotayarishwa kwa mzunguko tangu mwanzo umeongezeka, hasa baada ya Apple Music kuanza kutoa nyimbo za Dolby Atmos mwezi Juni 2021, lakini sehemu kubwa ya muziki wa Afrika Mashariki unaosikilizwa Kigali bado ni stereo.

Nyimbo zinazosambazwa mtandaoni kwa jina la 8D ni mfano wa jina kubwa kwa jambo dogo. Mara nyingi ni wimbo wa stereo uliohamishwa taratibu kutoka sikio moja hadi jingine na kuongezewa mwangwi. Hakuna vipimo vinane vya aina yoyote. Vivyo hivyo, hedifoni nyingi zenye maandishi 7.1 kwenye boksi zina spika mbili tu, na mzunguko wake hufanywa na programu. Mnunuzi anayelipa zaidi kwa ajili ya maandishi hayo analipia kitu ambacho angeweza kukipakua bure.

Mpaka mkubwa zaidi ni sikio lenyewe. Vipimo vya KEMAR ni vya masikio ya sanamu. Mtu ambaye mikunjo yake inakaribiana nayo atashangazwa na matokeo. Ambaye yake ni tofauti atasikia sauti ya mbele ikitokea nyuma, au ikielea juu ya paji la uso. Mkanganyiko wa mbele na nyuma ndio wa kawaida kabisa, na si dalili ya ugonjwa wa masikio. Kujaribu vipimo vingine husaidia, na wengine huzoea baada ya siku kadhaa.

Kugeuka kwa kichwa ni tatizo jingine. Katika hedifoni za kawaida, ukigeuka kulia ukumbi wote hugeuka pamoja nawe, na ubongo hutambua kwamba kuna hila. Hedifoni zenye vihisi vya mwendo, kama zile ambazo Apple ilianza kuzitumia kwa huduma hii mwaka 2020, huacha sauti pale ilipokuwa na kurekebisha hesabu kila kichwa kinapogeuka. Mwaka 2022 kampuni hiyo ilianza pia kuruhusu mtumiaji kupiga picha masikio yake kwa kamera ya simu ili hesabu zimfuate yeye badala ya sanamu. Simu zenye Android 13 na kuendelea zina uwezo unaokaribiana na huo, kutegemea aina ya simu na hedifoni.

Besi haifiki kifuani

Ukumbini, mvumo wa igihumurizo husikika kwa masikio na kuhisiwa kifuani. Hedifoni haina uwezo wa kutikisa kifua. Programu inaweza kuiga pembe ya sauti, lakini si mtikisiko huo, na wengi hujaribu kuufidia kwa kuongeza sauti. Hapo ndipo penye hatari.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa nne kwa wiki, ambazo ni sawa na filamu mbili tu. Mwaka 2022 shirika hilo lilisema zaidi ya watu bilioni moja wenye umri wa miaka 12 hadi 35 wamo katika hatari ya kupoteza uwezo wa kusikia kutokana na muziki na sauti nyingine kubwa za burudani. Chembe za kusikia zilizoharibika ndani ya sikio la binadamu hazioti tena. Ushauri wa kawaida ni kutozidi asilimia 60 ya kiwango cha juu cha kifaa. Anayesikia mlio masikioni baada ya kuvua hedifoni amevuka kiwango chake.

Ndani ya basi linalotoka Nyabugogo kuelekea Huye au Musanze, injini humlazimu msikilizaji kuongeza sauti ili aishinde. Hedifoni zinazoziba sikio vizuri hupunguza haja hiyo. Barabarani kwa miguu, au nyuma ya pikipiki, athari hii izimwe kabisa: honi ya filamu inayotokea nyuma ya kulia haitofautiani vya kutosha na honi ya kweli.

Kurekodi kwa masikio yako

Kuna njia moja isiyohitaji hesabu wala vichujio. Maikrofoni mbili ndogo huwekwa kwenye milango ya masikio ya mtu aliyesimama mbele ya tukio, naye hukaa kimya wakati wa kurekodi. Sauti zinazonaswa zimekwisha kupita kwenye kichwa na mikunjo yake. Rekodi maarufu ya kinyozi iliyotengenezwa na kampuni ya QSound Labs ya Kanada, ambamo mkasi husikika ukikata nywele karibu na sikio, inaonyesha hisia ambayo mbinu za namna hii zinaweza kuleta.

Kwa mwenye kutaka kuhifadhi onyesho la ngoma la arusi au la Ingoma Nshya, kundi la wanawake wapiga ngoma lililoanzishwa na Odile Gakire Katese mwaka 2004, hii ndiyo njia rahisi zaidi. Atakayesikiliza kwa hedifoni atajikuta ndani ya nusu duara, ishakwe ikiwa mahali pake. Faili hilo lichezwe jinsi lilivyo, athari zote za hedifoni katika programu zikiwa zimezimwa, kwa sababu sauti iliyokwisha kupita kwenye masikio ya mtu ikipitishwa tena kwenye ya sanamu hupoteza mahali pake.